Mlango wa Karatasi za Nyanya

Juzi binti yangu alirudi kutoka shule na agizo la mwalimu wake: kila mtoto atengeneze kolaji ya karatasi juu ya historia au utamaduni wa kwao, na mzazi asaidie. Mzazi asaidie, hayo ndiyo masomo ya siku hizi, unasoma darasa la nne mara ya pili na cheti hupewi. Gundi ya dukani ilikuwa imekwisha, mvua ya Ukunda ilikuwa inanyesha kwa hasira, na mimi sikuwa na hamu ya kutoka. Nikamwambia tutapika gundi wenyewe. Akanitazama kama niliyemwambia tutapika viatu. Nikakoroga unga wa ngano kwa maji baridi, nikaubandika motoni, na ulipoanza kuwa mzito ile harufu ikanipanda puani, harufu ya uji usio na chumvi wala sukari. Binti yangu akaniuliza nina nini, mbona macho yanatoka machozi. Nikamwambia ni moshi. Jiko letu ni la gesi.

Wenzangu wa rika langu mtanielewa, maana gundi yetu sote ilitoka jikoni. Shule yetu ilikuwa upande wa Msambweni, na mwaka ule tulipata mwalimu mgeni kutoka Taita, Mwalimu Mghoi, mwanamke mrefu mwenye kucheka kwa sauti, jambo ambalo hatukuwa tumelizoea kwa walimu. Siku ya kwanza ya somo la sanaa alitwambia hatuna rangi, hatuna brashi, na wala hatuvihitaji. Tuokote karatasi. Tukaokota pakiti za unga, kalenda zilizopitwa na wakati, magazeti yaliyofungiwa samaki, karatasi za peremende zinazong'aa. Akatuonyesha jinsi ya kuzikata vipande vidogovidogo na kuvipanga kwa rangi, hata kutoka mbali uone nyumba au mtu, na ukisogea uone vipande tu. Yeye aliita kolaji. Sisi tuliita picha za viraka, na tulizipenda kupita kiasi. Darasa zima lilinuka uji na samaki.

Kisha akatupa kazi kubwa. Kila mtu achague jambo la kale la kwao, alitengeneze nyumbani, na iliyo bora itatundikwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Mmoja akachukua mapango ya Shimoni, yote kwa karatasi nyeusi za kaboni. Mwingine akachagua ngoma ya sengenya. Mimi nilichagua mlango.

Mlango wenyewe sikuwahi kuuona. Ulikuwa wa nyumba ya babake Nyanya huko Vanga, na ulikuwa umeoza kabla mimi sijazaliwa. Lakini Nyanya, mama mzaa mama, ambaye tulikuwa tukiishi naye, aliusimulia sana: mbao zake nzito, maua yaliyochongwa juu, mnyororo uliochongwa ukashuka pande zote mbili. Nilitaka kumfanyia jambo la ghafla. Nilitaka aje shuleni siku ya wazazi auone mlango wa kwao ukutani, kisha anisifu mbele ya watu. Ndiyo, nilikuwa mtoto wa kupenda sifa, na sijapona mpaka leo.

Shida ilikuwa mbao. Karatasi ya rangi ya mbao kuukuu utaipata wapi? Ya pakiti inang'aa, ya gazeti ni kijivu. Nikakumbuka kwamba ndani ya kasha la Nyanya, chini kabisa, palikuwa na bahasha kubwa ya karatasi nene zilizogeuka rangi kwa uzee, zikawa kama chai ya mkandaa, ile isiyotiwa maziwa. Nilikuwa nimeziona alipokuwa anatoa leso za Idi. Basi mchana mmoja alipokuwa nje akikuna nazi, niliingia, nikachomoa nne bila hata ya kuzitazama vizuri, nikazitia ndani ya gauni na kukimbilia nyuma ya nyumba. Nilipozitandaza mkekani, upande uliokuwa juu ulikuwa mtupu. Nikakata. Nilikata mbao, nikakata maua, nikakata pete za mnyororo moja moja, na mkono ulikuwa mwepesi siku hiyo kuliko siku zote.

Nilipogeuza kipande cha kwanza nikipake gundi, nikaona herufi.

Zilikuwa za wino mweusi, zikitoka kulia kwenda kushoto, alifu, lamu, mimu. Herufi zile zile nilizokuwa nikizisoma kila alasiri katika chuo cha Kurani kwa Maalim. Nikageuza cha pili, cha tatu, vyote. Sijui niwaelezeje nyinyi ambao hamkukulia kwetu. Sisi tukikuta kijikaratasi chenye herufi hizo njiani, hata kama kimeloa matope, tulikuwa tukikiokota, tunakibusu, tunakiweka juu, penye upenu wa nyumba au kwenye tundu la ukuta, miguu ya watu isikifikie. Mtu hakivuki, hakifungii karanga. Na mimi nilikuwa nimekalia mkeka, mkasi mkononi, na maneno ya Mungu yamezagaa magotini mwangu kama maganda ya muhogo.

Mtu mzima angekwenda kuungama. Mimi nilivipaka gundi nikavibandika haraka, herufi zikatazama chini, ili zisionekane na mtu. Wino ukaanza kulainika, ukanipaka vidole, nikavisugua kwa mchanga mpaka vikaniwasha. Mlango ukatoka mzuri ajabu. Nadhani ni hofu iliyoupendezesha, kwa sababu sikuthubutu kuinua macho mpaka nilipomaliza.

Mwalimu Mghoi alipouona akaliita darasa zima lije litazame. Jumatatu ukatundikwa ofisini. Jumapili yake Nyanya akaanguka.

Alianguka chumbani mwake, kasha likiwa wazi mbele yake. Mama ndiye aliyemkuta. Majirani wakaja, wakamwinua, wakampeleka hospitali, na mimi nikabaki mlangoni nikilitazama lile kasha lililoachwa wazi. Wasichana wakubwa wa chuoni walikuwa wametwambia zamani kwamba anayechezea maneno ya Mungu hapigwi yeye kwanza. Hupigwa yule anayempenda. Hesabu yangu ikakamilika pale pale. Mimi ndiye niliyemwangusha, na akifa, nitakuwa nimemuua mimi.

Sikumwambia mtu. Nilijua kitu kimoja tu kuhusu madhambi makubwa, kwamba mtu hutoa kafara, na kwamba asiye na uwezo hufunga siku tatu. Nikafunga. Chakula changu cha mchana nilikuwa nikiwamwagia kuku, na kuku wetu walinenepa wiki ile hata jirani akasema. Mama alikuwa akishinda hospitali, hakuna aliyekuwa akinitazama nikila au nisile. Magharibi ikiingia nilikuwa nikimeza chochote nilichokikuta chunguni, nikalala. Siku tatu zikaisha, Nyanya hajarudi. Nikaona labda dhambi yangu ni kubwa kuliko siku tatu, nikaendelea. Siku ya nne, ya tano. Kila nikiingia ofisini kupeleka madaftari, ule mlango ulikuwa ukinitazama, na walimu wakiusifu, na mimi nikisema ahsante kwa sauti ya mtu anayezama.

Siku ya sita ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi chuo kilikuwa asubuhi. Maalim wetu alikuwa mtu wa Vanga pia, mkali, mwenye fimbo ya mpera iliyolainika kwa kazi. Aliniita nisome. Nikafungua mdomo, na herufi zikaanza kuogelea ubaoni, zikaja juu, zikashuka, na kitu nilichokumbuka baadaye ni kwamba nilikuwa nimelala barazani na Maalim ananipepea kwa kofia yake. Aliwafukuza wenzangu waliokuwa wametuzunguka. Akaniuliza nimekula nini tangu asubuhi.

"Maalim," nikamwambia, "nimekata msahafu kwa mkasi."

Nilingoja fimbo. Kwa kweli niliitaka, maana nilidhani ikishanipiga ya kutosha Nyanya atapona. Hakuishika. Akaniuliza polepole: kurasa ngapi, nilizitoa wapi, ziko wapi sasa. Nilipomwambia ziko ofisini shuleni, ukutani, zimekuwa mlango, alivaa viatu vyake na kunishika mkono.

Mwalimu Mghoi alikuwa akiishi pale pale shuleni. Maalim alipomweleza, kwa adabu na bila kunisema vibaya, yule mwalimu mwenye kucheka akageuka rangi. Nilimwonea huruma hata mimi. Alikuwa Mkristo, mgeni, amekaa kwetu miezi michache tu, na sasa anaambiwa kwamba Kurani imekatwa vipande kwa ajili ya somo lake. Alisema ikiwa amekosea dini yetu ataiondoa ile picha sasa hivi, na yuko tayari kwenda msikitini kuomba radhi kwa wazee. Maalim akamwambia tungoje kwanza, tuone. Tukaingia ofisini, akaomba maji kwenye bakuli.

Gundi ya unga haina ukaidi. Maalim alilowesha kona ya mlango kwa kidole, akangoja, akaanza kubandua ubao mmoja kwa ukucha, taratibu, kama mtu anayemvua mtoto plasta. Akaugeuza. Akauleta karibu na dirisha. Nilimwona midomo yake ikichezacheza anaposoma. Akarudi mwanzo, akasoma tena. Akabandua ubao wa pili, akaulinganisha na wa kwanza, akasoma. Kisha akainamisha kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Maalim analia, nilijiambia. Nimemliza Maalim. Mwalimu Mghoi alikuwa ameshika kifua. Na hapo Maalim akainua uso, na kumbe mtu anacheka, anacheka machozi yanamtoka, ameegemea ukuta wa ofisi ya watu kwa mkono mmoja. Mimi sikuwa nimewahi kuyaona meno yake ya nyuma.

"Hii si Kurani," alisema alipopata pumzi. "Hiki ni Kiswahili."

Nikadhani ananidanganya kwa huruma. Kwangu mimi herufi zile hazikuwa na kazi nyingine duniani. Zilikuwa za Mungu, kama vile mvua ni ya Mungu, na Kiswahili kilikuwa na herufi zake za shuleni. Maalim akaketi, akanieleza kwamba wazee wetu hawakuwa na herufi nyingine. Kwa hizo waliandika barua, wakaandika dawa, wakaandika mashairi, na kina mama waliosoma chuoni wakaandika mambo yao pia. Hizi ni nyimbo, akasema. Nyimbo za lelemama. Zamani huko Vanga kina mama walikuwa na vyama viwili vya ngoma, na harusi ikifika vilikuwa vikichambana kwa nyimbo mpaka kuche. Huyu aliyeandika hapa alikuwa mtunzi wa chama kimoja.

"Nani?" nikauliza.

"Karatasi umezitoa kwenye kasha la nani?"

Nyanya yangu. Nyanya wa tasbihi na mswala, ambaye akisikia redio ya jirani iko juu husema astaghafirullahi. Mwalimu Mghoi, aliyekuwa amepata rangi yake, akaomba asomewe japo moja. Maalim akanitazama, akapima kama mtoto anafaa kusikia, kisha akasoma huku amejizuia:

"Mwenye leso ya kwazima, na acheze kwa heshima, mwenyewe yu papo nyuma, ataivua mapema."

Mwalimu Mghoi akacheka mpaka akakaa juu ya meza. Maalim akasema hapo juu pameandikwa jina la aliyetungiwa. Imeandikwa, wimbo wa Mwanakombo.

"Mwanakombo ni mama yangu mzazi," akasema Maalim, na kicheko kikampata upya.

Wote wawili walicheka, mimi nikalia. Nililia kwa kufunguka, kama jipu. Sijaichana Kurani, sitachomwa moto, alhamdulillahi. Lakini raha hiyo haikudumu hata kufika langoni kwa shule, kwa sababu nililikumbuka lile kasha lililokuwa wazi. Basi si Mungu. Basi ni Nyanya mwenyewe aliyefungua, akatafuta nyimbo zake, akaona nne hazipo, moyo ukamshituka akaanguka. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ya Mungu ningeiombea msamaha, lakini hii niliifanya kwa mkono wangu kwa mtu ninayemjua. Nikamwambia Maalim. Hakunibembeleza. Alisema anakwenda hospitali mchana ule kumzuru mgonjwa, nami nitakwenda naye nimwambie kwa kinywa changu.

Tulimkuta Nyanya ameegemezwa mito miwili, Mama kando yake na sahani ya wali na kunde aliyoileta, haijaguswa. Nyanya alikuwa amepungua. Mkono wake juu ya shuka ulikuwa mdogo kuliko nilivyoukumbuka. Maalim akamwamkia, shikamoo mama, akaitikiwa marahaba mwanangu, wakaulizana hali kwa urefu kama inavyopasa, mimi nimesimama nyuma ya kanzu yake. Kisha akanisogeza mbele.

Nikasema yote. Nilisema nikitazama miguu ya kitanda. Karatasi, mkasi, mlango wa Vanga, ofisi. Mama alishusha pumzi kwa namna iliyonijulisha nitakachokipata nyumbani.

"Nne?" akauliza Nyanya.

"Nne."

"Zipi?"

Maalim akakohoa. Akasema mojawapo ni ile ya mama yake.

Nyanya akavuta leso akajifunika mdomo, lakini macho hayakufichika. Akamwomba Maalim radhi, Maalim akasema mamake aliuimba wimbo ule mwenyewe mpaka uzeeni, kwa kujisifu kwamba alikuwa mtu wa kutungiwa. Hapo Nyanya akaachilia. Alicheka kicheko nisichokijua, cha kina na cha kihuni, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Akatueleza kwamba babu yangu, marehemu, alikuwa hataki kusikia habari ya ngoma, alipomwoa alimwambia hayo ayaache Vanga. Naye akazichukua nyimbo zake akazitia chini ya kasha, herufi zikatazama juu. Siku moja babu akazikuta. Mtu mwenyewe chuo kilimshinda juzuu ya kwanza. Akazibusu, akaziweka kwenye paji la uso, akazirudisha mahali pake, na tangu siku hiyo hakuna aliyezigusa.

"Miaka yote hiyo," akasema Nyanya, "zimelindwa na busu."

Mimi sikuweza kucheka bado. Nilimuuliza: je, hukuanguka kwa sababu ulizikosa?

Akanitazama vizuri, na nadhani ndipo alipoelewa nilikuwa nimebeba nini. Akaniita nikae kitandani.

"Nilikuwa natafuta leso ya kwenda matangani," akasema. "Wala bahasha sikuifungua. Nimeanguka kwa presha. Dawa niliziacha, na ng'onda, samaki wa chumvi, nala kila siku, daktari amenisema hapa mbele za watu nimeona haya. Wewe na mkasi wako mna nguvu gani za kumwangusha mtu mnene kama mimi? Na nyimbo zile ninazo hapa." Akagonga paji la uso wake kwa kidole. "Ukitaka nitakutolea zote, uziandike kwa herufi zenu za shule."

Akanishika kidevu akanigeuza nielekee dirishani. Akauliza mbona midomo imekauka hivi. Nikasema nimefunga. Akauliza funga ya nini na Ramadhani iko mbali, na Mama naye akainua kichwa. Nikasema ya kwake. Ili asife. Leo ni ya sita.

Maalim akatoka nje, akadai anatafuta mahali pa kutia udhu, ingawa adhuhuri tulikuwa tumeshaisali. Nyanya akageuzia uso ukutani. Alipotugeukia tena alivuta ile sahani, akafinyanga tonge kwa ule mkono wake mdogo, akachovya kwenye kunde.

"Sema bismillahi," akaniambia. "Fungua. Mimi sifi."

Nikafungua kinywa. Nikala tonge la kwanza kutoka mkononi mwake, na la pili, kisha nikaichukua sahani nikala mwenyewe, chakula chote cha mgonjwa mpaka kunde ya mwisho, na Mama hakunikataza.